Kabla ya kulipia CRP, mkaaji wa Kalemie apimwe presha

KALEMIE – Karatasi ya labo yenye herufi CRP haiwezi kumwambia mtu kama mshipa wa shingo yake unaziba. Inaweza kumwambia kwamba mwilini mwake kuna mwako, basi. Haisemi mwako uko wapi wala umeletwa na nini. Na katika mji ambao malaria haina mwezi wa kupumzika, karatasi hiyo inaweza kumtisha mtu asiye na hatari na kumtuliza yule aliye karibu kuanguka.

Jambo hili ni zito kwa sababu jamaa nyingi, hasa zile zilizokimbia vita, zina pesa ya kipimo kimoja tu. Ikitoka, haina ya pili nyuma yake. Mtu akisikia kwamba damu inaweza kuonyesha mapema hatari ya AVC, yaani kiharusi, atauza hata sufuria ili apimwe. Na kumbe kuna kifaa kisichotoboa ngozi, kisichohitaji labo wala jenereta, kinachosema mengi zaidi kuhusu hatari hiyo: mkanda wa kupimia presha. Mkanda huo unapaswa kuja kwanza, katika kila kituo cha afya na kila kambi, kabla mtu hajaombwa faranga moja ya CRP.

Mshipa wa shingo unavyoziba

Mtu akiweka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya, anasikia mapigo. Hapo unapita mshipa wa karotidi, mmoja kulia na mmoja kushoto. Ndiyo barabara kubwa ya damu inayokwenda kwenye ubongo na macho.

Ukuta wa ndani wa mshipa ni laini. Presha ya juu ya miaka mingi, moshi wa tumbako na ugonjwa wa sukari huuchubua. Mafuta ya damu hupenya chini ya ukuta uliochubuka. Mwili hupeleka askari wake, chembe nyeupe, ili wayasafishe. Askari wanakula mafuta hayo mpaka wanashiba kupita kiasi, wanafia palepale, na wengine wanaletwa. Pole pole panaota donge. Nafasi ya damu inapungua, na mwenye mshipa haumwi na kitu. Siku donge likipasuka, damu inaganda juu yake, kipande kinakatika na kukimbilia ubongoni. Mdomo unapinda, mkono unaregea, maneno yanapotea.

Hiyo si njia pekee ya kupata AVC. Kwa Waafrika, mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, iliyochoshwa na presha, inahusika mara nyingi, ama kwa kuziba ama kwa kupasuka na kumwaga damu. Kwa hiyo hata mtu ambaye shingo yake ni safi anaweza kupooza. Jambo hili lisisahauliwe, maana kipimo kinachoitafuta hatari shingoni peke yake kinaacha nyuma sehemu kubwa ya wagonjwa.

CRP ni nini, na inasema nini

Ule mwako wa askari wanaopigana ndani ya ukuta wa mshipa ndio madaktari wa Kongo wanauita inflamasio. Mwako ukiwepo mahali popote mwilini, ini hutoa kwa wingi protini inayoitwa CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Kipimo kingine, kinachojulikana zaidi katika labo za Kongo, ni VS: damu inawekwa ndani ya mrija mwembamba uliosimama, na baada ya saa moja mpimaji anaangalia chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Chembe zikishuka haraka, kuna kitu kinawaka.

Uhusiano wa mwako na mishipa si uongo wala biashara ya watu wa labo. Watafiti wengi wameona kwamba watu wenye madonge ndani ya mishipa ya shingo mara nyingi wana CRP iliyopanda kidogo. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa JUPITER, wa watu 17,802 wenye mafuta ya damu ya kawaida lakini wenye CRP ya miligramu 2 au zaidi katika lita moja. Waliopewa kidonge cha rosuvastatin walipata magonjwa makubwa ya moyo na mishipa, AVC ikiwemo, pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2017 utafiti mwingine, CANTOS, wa watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, ulionyesha kwamba kuzima mwako peke yake, bila kugusa mafuta, kunapunguza mashambulio kwa asilimia 15 hivi. Lakini dawa hiyo iliongeza vifo vya maambukizi, na bei yake hata nchi tajiri zinaiogopa.

Basi mwako una sehemu yake. Lakini wanasayansi walipochunguza watu waliozaliwa na asili ya kuwa na CRP ya juu maisha yao yote, waliona kwamba watu hao hawaugui moyo kuliko wengine. Maana yake CRP ni mjumbe tu. Kumpiga mjumbe hakumalizi vita.

Kwa nini namba hiyo inapotosha hapa

Madaktari wa Marekani waliweka vipimo mwaka 2003. Chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ya moyo na mishipa ni ndogo. Kati ya 1 na 3 ni ya katikati. Zaidi ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, daktari anaambiwa atafute kwanza ugonjwa mwingine, na kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili au zaidi, mtu akiwa mzima.

Sasa vipimo hivyo viletwe Kalemie. Malaria peke yake inaweza kupandisha CRP mpaka makumi, hata kupita 100. Kifua kikuu kinaipandisha. Kidonda cha mguu kinaipandisha, na jino bovu pia. VS nayo inapandishwa na upungufu wa damu na mimba, mambo ya kila siku kwa akina mama wa kambini. Mtu mwenye afya kamili, asiye na homa, asiye na minyoo, asiye na kidonda, wiki mbili mfululizo: huyo atatoka mtaa gani? Hata katika utafiti wa JUPITER, wenye magonjwa ya mwako wa kudumu waliwekwa kando, na CANTOS haikuwapokea wenye maambukizi ya kudumu au ya kurudiarudia. Namba zilizotokana na watu wa namna hiyo haziwezi kuhamishiwa tu kwa mama aliyelala chini ya turubai mwezi mzima.

Zaidi ya hayo, ili kuona tofauti ya 1 na 3 panahitajika mashine yenye usikivu mkubwa. Kipimo cha kawaida cha CRP kimetengenezwa kutafuta maambukizi makubwa, si tofauti ndogo kama hiyo.

Hatari kubwa inakuja baada ya jibu. Mtu akiambiwa tu, «una inflamasio», anakwenda moja kwa moja farmasi kuomba dawa ya inflamasio. Atauziwa diclofenac, au ibuprofen, au dexamethasone. Dawa hizo zina kazi yake zinapoandikwa na daktari kwa ugonjwa unaojulikana. Lakini zote tatu zinaweza kupandisha presha, na diclofenac inajulikana kuongeza hatari ya moyo na mishipa. Ndivyo mtu anavyoingia kwa woga wa AVC na kutoka na mfuko wa vidonge vinavyoisogeza karibu. Hilo si kosa la mgonjwa. Ni kosa la mfumo unaouza namba bila kuuza maelezo.

Presha ndiyo inaua

Ushahidi wa Afrika hauna maficho. Utafiti ulioitwa SIREN, uliofanywa Nigeria na Ghana na kutangazwa mwaka 2018, ulilinganisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa AVC na watu wengine idadi hiyo hiyo wasiougua. Presha ya juu ilikuwa mbele ya kila kitu, ikihusika na karibu visa 9 kwa 10. Nyuma yake zilikuja sukari, sigara, chumvi inayoongezwa mezani, msongo wa mawazo, kutotembeza mwili, na kutokula mboga za majani.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa AVC kati ya 2003 na 2006. Katika wilaya ya Hai walipata kama 108 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam kama 316, baada ya kusawazisha umri. Wagonjwa wa Dar es Salaam walipochunguzwa, presha na virusi vya ukimwi vilionekana kuwa njia kubwa za hatari. Kenya nayo, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, watu wa kati ya miaka 40 na 60 walipimwa unene wa ukuta wa mishipa ya shingo kwa ekografi, katika utafiti wa AWI-Gen uliofanyika pia Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Hao ni watu wa mitaa ya mabati, si matajiri. Dhana kwamba mishipa iliyoziba ni ugonjwa wa wakubwa wenye matumbo inapaswa kufa.

Kutoroka vita kunakata dawa

Mwenye presha anameza kidonge kila siku. Vita vinapoingia kijijini, anabeba mtoto, godoro na sufuria. Vidonge vinabaki. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, mapigano ya wanamgambo wa Batwa na wa Baluba yalipojaza watu katika makambi ya Kalemie kama Katanyika na Kalunga. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kufukuza watu majumbani mwao. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mashua zilipoleta jamaa kutoka Kivu mpaka bandari ya Kalemie.

Anayefika anapimwa joto, watoto wanapimwa mikono kwa utapiamlo, maji yanatiwa dawa kwa sababu ya kolera. Kazi hiyo ni ya lazima na haina mjadala. Lakini baba wa miaka 55 aliyekosa kidonge wiki sita, asiyelala kwa mawazo, anayekula samaki wa chumvi kwa sababu ndiye anayepatikana, hana homa wala kuhara. Hakuna mstari unaomwita. Anaonekana siku anapoanguka. Na akianguka, majirani wengine watasema ametupiwa kitu usiku, atachanjwa kwa wembe kabla ya kufikishwa hospitalini, na jamaa itaanza kugombana ikitafuta mchawi. Presha moja isiyopimwa inaweza kuvunja nyumba mara mbili.

Wako watakaosema mashirika hayana uwezo wa magonjwa ya kudumu, kwamba dharura ni dharura. Hoja hiyo imepitwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lina kasha maalum la dawa na vifaa vya magonjwa yasiyoambukiza kwa ajili ya dharura, lililopangwa kutosheleza watu 10,000 kwa miezi mitatu. Kasha lipo. Linalotakiwa ni mtu wa kuliomba na mtu wa kulifuatilia mpaka lifike.

Je, kipimo cha damu kitupwe?

Hapana. CRP inamsaidia daktari kutambua maambukizi makubwa na kuona kama dawa inafanya kazi. VS inamsaidia kwa magonjwa mengi. Hata kwa mishipa, daktari aliyekwisha kupima presha, sukari na mafuta anaweza kuiongeza ili apime hatari vizuri zaidi. Ubaya ni kuigeuza kuwa mlango wa kwanza.

Fundisho la utafiti wa mwako linaweza kutumiwa bila labo. Kinachowasha mwili kila siku kizimwe: tumbako iachwe, moshi wa jikoni upewe mahali pa kutokea, fizi zinazotoka damu zitibiwe, anayeishi na virusi vya ukimwi asikatize vidonge vyake. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, ulioshirikisha pia wagonjwa wa Uganda, ulionyesha kwamba kidonge cha kushusha mafuta kilipunguza magonjwa makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu wenye virusi hivyo. Huko ndiko elimu ya mwako inakoleta faida.

Na kwa shingo yenyewe, kinachoonyesha mshipa ni ekografi ya Doppler, ndugu wa ile inayotazama mimba. Anayeihitaji haraka ni yule aliyepata dalili zikapita: mdomo ulipinda dakika kumi ukarudi, mkono uliregea ukapona, au jicho moja liliingia giza kama pazia linaloshuka. Wengi wanashukuru Mungu na kuendelea na kazi. Hapo ndipo hatari iko. Mwaka 1991, utafiti wa Marekani na Kanada ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa namna hiyo ambao mshipa wao wa shingo umeziba asilimia 70 au zaidi, 26 walipata AVC ya upande huo katika miaka miwili wakitegemea dawa tu, na 9 wakifanyiwa operesheni. Dawa za leo ni bora kuliko za wakati ule, na operesheni hiyo iko mbali na Kalemie. Lakini dalili iliyopita bado ni sababu ya kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kinachotakiwa

Wakubwa wa afya wa jimbo, zoni za afya za Kalemie na Nyemba, na mashirika yanayofanya kazi makambini, wana mambo manne ya kufanya, na hakuna hata moja linalongojea mashine mpya ya bei kali.

Kwanza, kila mtu mzima anayefika kituoni, hata kama amekuja kwa malaria, apimwe presha bure. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, yaani 14 kwa 9 kama wauguzi wanavyosema, arudi kupimwa siku nyingine ili ithibitishwe. Mtu anayesubiri kujulishwa na maumivu ya kichwa atachelewa, kwani presha nyingi haiumi.

Pili, mwenye presha apewe vidonge vya miezi miwili au mitatu kwa mara moja, si vya wiki moja. Na apewe kadi yenye jina la dawa, kipimo chake na namba za presha, aifunge pamoja na karatasi zake za uraia. Akikimbia tena, muuguzi wa mahali pengine ataanzia hapo.

Tatu, labo na farmasi zieleze kabla ya kupokea pesa: kipimo hiki kinatafuta nini, kinagharimu ngapi, na jibu litabadilisha matibabu namna gani. Kama halibadilishi kitu, pesa ibaki mfukoni mwa mgonjwa.

Nne, wahamasishaji wa afya, wale reko wanaojua kila mlango wa mtaa, wafundishwe kushika mkanda wa presha. Wameweza kufuatilia chanjo nyumba kwa nyumba. Hawatashindwa kusoma namba mbili.

Nyumbani nako kuna kazi. Samaki wa chumvi alowekwe, maji yamwagwe, kabla ya kupikwa. Chumvi na kibe visirundikwe pamoja ndani ya chungu kimoja. Sombe, lengalenga na matembele visionekane chakula cha aibu: mboga za majani ni kinga. Lutuku na sigara havitulizi mawazo bila kudai malipo yake. Na kidonge cha presha hakiachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri. Amejisikia vizuri kwa sababu anakimeza.

Mtu akianguka, saa iangaliwe, maana daktari atauliza dalili zilianza lini. Alazwe kwa ubavu, asinyweshwe maji wala dawa, asichanjwe. Asipewe aspirini na jirani, kwa sababu AVC nyingine ni ya kumwaga damu, na aspirini inaizidisha. Apelekwe hospitalini moja kwa moja, bila kupitia mahali pengine.

Wazazi wa Kalemie wamejifunza kumpeleka mtoto mwenye homa kituoni bila kungoja asubuhi. Elimu hiyo ilijengwa kwa miaka, kwa redio, kwa makanisa na misikiti, kwa mikutano chini ya mwembe. Presha inadai elimu ya namna hiyo hiyo, na zoni za afya hazina sababu ya kungoja. Yeyote aliyevuka miaka 40, au mwenye mzazi aliyewahi kupooza, asiulize wiki hii CRP yake ni ngapi. Aulize presha yake ni ngapi, na aiandike.